Jogoo Aliyekataliwa Makandana

Makomredi wa mabonde na vilima vya Rungwe, wachuma chai mliotua vikapu, wafanyakazi wa viwandani mnaotoka zamu, walimu na wauguzi mliopangiwa kazi mbali na kwenu mkapafanya hapa kuwa kwenu, nawasalimu kwa salamu ya wanaopigania jambo moja! Adui yetu juma hili hana bunduki wala bendera. Ana pikipiki, ana mkoba, na anajua nyumba ya kila mmoja wetu inavuja upande gani. Huyu mkopeshaji wa riba tumempa jina la kausha damu, na yeye halichukii jina hilo, maana anaona tunalitaja huku tukipanga foleni mlangoni pake.

Mimi ni Enosi, mwanafunzi wa sheria ninayetoka chuoni Mbeya kila Jumatano kuja kukaa mbele ya kipaza sauti hiki. Jioni ya leo sitahutubia kwanza. Atatangulia mama mmoja, tuseme ni wa Kinyala, aliyeniruhusu niisome barua yake yote mradi nibadilishe majina na kijiji. Nimebadilisha. Msihangaike kumtafuta. Jitafuteni wenyewe ndani yake.

*

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na uniwie radhi kukuletea mambo ya watu wazima ilhali umri wako ni sawa na wa kifungua mimba wangu Yona, lakini sauti yako ndiyo iliyonituma na sauti yako ndiyo nitakayoiuliza, maana ni wewe uliyesema redioni kwamba wapo watu wanaotoa ushauri wa madeni bila malipo, nami nikaenda, na sasa hali yangu ni mbaya kuliko kabla sijaenda.

Mimi nafanya kazi kiwanda cha chai, upande wa kufungasha, na mume wangu Ambindwile yuko Chunya kwenye machimbo, anarudi anapojaliwa. Mwaka jana mvua za Aprili ziliezua upande mmoja wa nyumba, tukawa tunahamisha vitanda kama watu wanaocheza bao, nikaona kumsubiri mume ni kuwaugulisha watoto, nikaenda kwa kijana mmoja wa mikopo pale mjini anayeitwa Godwin, mchangamfu kweli, akaninunulia soda, akasema, “Mama, mimi siyo benki, benki zina roho ngumu, mimi ni mwanao,” lakini huyo mwanangu akataka mdhamini mwenye mali, na mwenye mali ninayemjua mimi ni wifi yangu Atuganile, dada wa mume wangu, mjane, ana ng’ombe mmoja wa maziwa ambaye ndiye karo, ndiye sabuni, ndiye chumvi ya nyumba yake, na nilipomweleza hakusita, alisema, “Wifi, mvua ikinyesha kwako imemnyeshea kaka yangu,” akaweka dole gumba, nikapata mabati.

Mwanzo nililipa vizuri, kisha kiwanda kikapunguza zamu, nikakosa mwezi mmoja, riba ikazaa riba, nikakopa kwenye simu ili nimlipe Godwin, nikakopa kwenye kikundi ili nilipe wa kwenye simu, na hao wa simu nilipochelewa wakamtumia ujumbe mwalimu wetu wa kwaya kwamba mimi ni mdaiwa sugu, na mwalimu, siku ile alipotufundisha wimbo wa msamaha, alinitazama mimi peke yangu, na jumbe zote za vitisho nikazifuta kwenye simu yangu kwa aibu, na Atuganile aliponiuliza tulipokutana bombani, “Wifi, lile deni la mabati lilikwisha?” nilimjibu, “Lilikwisha zamani, wifi,” akasema, “Ndaga, Mungu ni mwema,” yaani alinishukuru, mshauri, alinishukuru mimi, akanipa na chupa ya maziwa bila kutaka hela, na maziwa yale nilishindwa kuyanywa.

Sasa Godwin amekuja na safari hii hakuniita mama, alisimama uani akasema, “Sikiliza wewe, mabati siyafuati, yana misumari. Ng’ombe anatembea mwenyewe. Siku ya gulio, mwisho wa mwezi, nakuja kumchukua.”

Hapo ndipo nikakumbuka maneno yako, nikaenda Makandana kwenye ile ofisi ya ushauri uliyoitaja, na kwa kuwa sikulelewa kumwendea mtu ninayemtaka msaada huku mikono inaning’inia, nikachukua jogoo kwa jirani kwa ahadi ya kumlipa tukipokea mshahara, nikamfunga miguu, nikavaa kitenge changu cha Pasaka. Dada wa pale anaitwa Prisca, alinipokea vizuri, lakini nilipomnyooshea jogoo akarudisha mikono nyuma, akasema, “Hapana mama, hapa hatupokei kitu kwa mtu yeyote, mweke tu chini hapo, keti tuzungumze,” nikasema, “Najua ni mdogo, nitaleta mwingine,” akasema, “Siyo ukubwa, mama yangu, ndiyo utaratibu wetu,” na watu waliokuwa kwenye benchi wananitazama, na jogoo naye akachagua dakika ile ile kuwika, mzee mmoja akasema, “Huyo anataka kutoa maelezo yake mwenyewe,” wakacheka wote, nami nikahisi ardhi inapasuka, maana kwetu mtu akikataa kuku wako amekukataa wewe na shida yako, kwa hiyo aliponiuliza, “Haya mama, hali ikoje nyumbani?” nikamjibu, “Tuko salama kabisa, nilipita tu kuwasalimu,” nikamchukua jogoo wangu nikaondoka.

Nikiwa narudi nikapita Ibighi, kuna bwana anaitwa Wilson ana bango linalosema anafuta madeni ya aina zote, nikaingia, na huyu mshauri alimpokea jogoo kwa mikono miwili, akampima uzito, akamsifu, akasema, “Mama, cha bure kina kazi gani? Wale wanakuchezea. Ijumaa niletee ada ya kufungua jalada, kadi yako ya benki na namba ya siri, na huyo Godwin hatakusogelea tena.” Ada hiyo sina, ila yupo mtu wa kunikopesha, na moyo unaniambia huyu ndiye, kwa sababu ameukubali mkono wangu. Atuganile hajui kitu, Ambindwile hajui kitu, na ng’ombe ana mimba. Niende kwa Wilson Ijumaa, au nimwombe wifi amhamishe ng’ombe kwa siri ampeleke kwa ndugu zetu Busokelo, au nifanye nini? Nisaidie, nimekwisha. Ni mimi, Mama Yona.

*

Mama Yona, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa nilishindwa. Na kabla sijakukaripia, kama mtoto anavyomkaripia mama yake anayepanda ngazi iliyooza, nianze na langu. Nilipiga kelele katika redio hii: nendeni mkapate ushauri wa bure! Sikusema mwendeje. Niliwapa mlango nikawanyima kizingiti. Kosa hilo si lako.

Sasa nisikilize. Hukukopa ulevi, hukukopa fahari. Ulikopa bati la kuwafunika watoto, katika wilaya ambayo mvua yake haiombi ruhusa. Mtu asikuambie wewe ni mjinga. Mjinga ni yule anayedhani kwamba mshahara wa mfungashaji unaweza kujenga nyumba, kusomesha, kutibu, na bado ukabaki salio la kumnenepesha mkopeshaji.

Lakini kwa habari ya jogoo, mama yangu, ulikosea, tena kosa la mtu mwenye adabu. Ulikwenda kutibiwa deni kwa kukopa deni jingine lenye manyoya! Unasema aliyekataa kuku wako amekukataa wewe. Katika ukwe, ndiyo. Katika msiba, ndiyo. Katika ofisi ile, sivyo hata kidogo, na nitakueleza sababu ili usiku wa leo ulale. Siku Prisca atakapopokea jogoo wa Mama Yona, kesho yake atapokea mbuzi wa Godwin. Na siku hiyo, wewe na Godwin mkiketi mbele yake, mizani itaegemea upande gani? Mikono yake iliyorudi nyuma haikuwa inakusukuma. Ilikuwa inajilinda isinunuliwe na mwenye nacho kukuzidi. Huo ndio uzito wa neno “bure” katika kazi hii: mshauri analipwa na shirika lake, au anajitolea, ili asiwe na bwana mwingine chumbani zaidi ya shida yako.

Leo asubuhi nilimwendea dada Prisca. Sikutaja jina lako wala la kijiji. Nilisema tu kwamba kuna mama aliyeondoka bila kueleza. Akanikatiza. “Yule wa jogoo? Kaka, nilitoka nikamfuata hadi barabarani, nikimwita. Alikaza mwendo kama anayekimbia mvua. Mwambie mazungumzo yetu hatujayaanza, na kile kiti bado ni chake.” Umesikia, Mama Yona? Uliyedhani amekukataa alikuwa nyuma yako anakuita!

Na huyu aliyekukubali ni nani? Makomredi, hapa ninawaomba wote mnyanyue vichwa, kwa sababu Wilson hana bango moja tu, anazo sura nyingi. Ni nani aliyetufundisha kwamba cha bure hakina kazi? Ni yule anayeuza! Mtu anayetaka ada kabla hajasikia deni lako ni kiasi gani, huyo hajaja kukushauri. Mtu anayekuahidi kufuta deni ambalo hakukukopesha yeye ni mwongo, hata avae tai. Mtu anayetaka kadi yako na namba ya siri hataki kukutetea mbele ya Godwin, anataka kuwahi foleni kabla ya Godwin. Namba ya siri haiulizwi na mshauri, haiulizwi na mkopeshaji, haiulizwi na benki yenyewe. Ukiulizwa, simama, aga kwa heshima, ondoka. Ijumaa hiyo usiende Ibighi. Na yule mtu aliye tayari kukukopesha ada, mwambie asante, pesa zake zibaki mfukoni mwake.

Mtaniuliza: basi wa kweli tutamjuaje, sisi tusio karibu na Makandana? Anzeni ofisi ya kata. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii, ndiyo kazi yake kujua ni mashirika gani yameandikishwa na yanafanya nini. Waulizeni wasaidizi wa kisheria, ambao kwa sheria ya nchi hii hawapaswi kumtoza mnyonge hata senti. Mkishafika mbele ya mtu, mhojini kabla hajawahoji ninyi. Nani anakulipa? Shirika lako limeandikishwa wapi? Utaniuzia mkopo mwingine? Siri yangu utaitunza vipi? Mshauri wa kweli hakasiriki kwa maswali hayo. Anatabasamu, kwa sababu amepata mtu aliyeamka.

Turudi kwako, mama. Utarudi Makandana, na safari hii utakwenda umejiandaa. Kitenge cha Pasaka kiache. Chukua mkataba wa Godwin, na kama alikunyima nakala, hilo lenyewe ndilo jambo la kwanza la kumwambia Prisca. Chukua hati zako za mshahara, za miezi kiwanda kilipofanya kazi vizuri na za miezi zamu zilipopungua, ili aone kwamba hukuacha kulipa kwa jeuri. Nenda kwa mtandao wako wa simu ukaombe taarifa ya miamala, kila ulichotuma na ulichopokea. Kisha andika matumizi ya nyumbani, wala usiandike makadirio ya kupendeza. Andika unga, mafuta, karo, sadaka, mchango wa msiba, vocha. Ndiyo, hata vocha. Anayeficha tundu dogo la ndoo hatajua kamwe maji yanakwenda wapi.

Halafu jumbe ulizofuta! Mama Yona, hapa nakukaripia bila kupunguza sauti. Ule ujumbe kwa mwalimu wa kwaya ulikuwa aibu ya aliyeutuma, wala si yako. Na zile zilizokuja kwako zilikuwa ushahidi mkononi mwako, nawe ukaziosha kama doa. Mwendee mwalimu, mwombe akuonyeshe huo wake, maana bila shaka bado anao. Na kuanzia leo, kitisho kikija usikifute. Kihifadhi, kionyeshe.

Deni la Godwin ulitaje, la simu ulitaje, la kikundi ulitaje, na jogoo wa jirani naye umtaje, maana sasa yuko Ibighi anakula pumba za Wilson kama hajaliwa tayari. Usimwachie mshauri deni hata moja la kugundua mwenyewe. Na akikuuliza, “Hali ikoje nyumbani?” uache ustaarabu wetu huu wa kusema “salama” huku nyumba inaungua. Mwambie: si salama. Neno hilo moja ndilo litakalofungua mazungumzo yote.

Usitarajie muujiza, nami sitakudanganya ili unipende. Ushauri haufuti deni. Mabati yapo juu ya kichwa chako, na yatalipwa. Watakachofanya ni kuhesabu pamoja nawe riba ipi ni ya mkataba na ipi ni ya ulafi, kuangalia kama Godwin ana leseni ya kukopesha, kumwandikia barua kudai muda na kiwango unachokimudu, na kukueleza kwa maneno ya kawaida nini kinaweza kuchukuliwa na kwa utaratibu upi. Lakini hili nalisema sasa hivi, ili hata yeye Godwin, popote anaposikiliza, alisikie: mkopeshaji hajihukumii kesi yake mwenyewe! Haji uani kwa mtu na kamba akatoka na ng’ombe kana kwamba anachuma parachichi. Akija, msirushiane mawe. Mwiteni mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, ahojiwe mbele yao kwa mamlaka gani.

Habari ya kumhamisha ng’ombe kwa siri hadi Busokelo iondoe kichwani. Atuganile hajamdhulumu mtu. Leo ni mdhamini mwenye haki zake. Ukimfanya aswage mnyama mwenye mimba gizani, umemgeuza mtoro kwa deni ambalo hakula hata kijiko. Na utamwambia nini njiani, wakati kwake deni lilikwisha zamani?

Hapa ndipo tumefika penyewe, mama yangu. Karatasi zote nilizozitaja ni nyepesi. Maandalizi mazito ni mengine, nayo hayabebwi kwenye mfuko. Huwezi kuketi mbele ya Prisca kutetea mali ya mtu asiyejua kwamba mali yake inatetewa. Ng’ombe ni wake. Dole gumba ni lake. Kila barua atakayoandikiwa Godwin inamhusu, na kila siku unayonyamaza unatumia muda wake pia, siku zile zile ambazo angeweza kuuliza, kupinga, kujitetea. Umemkopa Atuganile ukweli, na hilo ndilo deni lako pekee lisilosubiri mshahara.

Kwa hiyo leo, kipindi hiki kikiisha, vaa mabuti uende kwake. Usipeleke kitu. Usianze na mvua, usianze na kiwanda, usianze na riba. Mwambie, “Wifi, nilikudanganya. Deni lipo, na Godwin anamtaka ng’ombe. Kuna watu wa kutusaidia, twende wote.” Kisha nyamaza. Atakasirika. Huenda akasema maneno ambayo hujawahi kuyasikia kinywani mwake, huenda akakufungia mlango. Ana haki hiyo, nawe ubaki pale uani. Mwanamke aliyesema mvua ya kwako ni mvua ya kaka yake anaweza kukasirika sana, lakini sidhani kama anaweza kukuacha uloane. Ambindwile naye mpigie simu usiku huu huu. Asilisikie jambo hili machimboni, kwa mdomo wa mtu mwingine.

Na ninyi mliobaki kimya mkisikiliza, mwalimu mwenye kadi iliyoshikwa na mkopeshaji, muuguzi anayezima simu kila mwisho wa mwezi, mkulima aliyekwisha kuuza majani yasiyoota bado, msimwonee huruma mama huyu kwa mbali. Deni linatutisha kwa sababu kila mmoja amefungiwa nalo chumba chake. Tukiketi benchi moja, hesabu ni zile zile ila hofu inagawanyika, na mkopeshaji aliyezoea kumkabili mmoja mmoja hajui afanye nini mbele ya wengi wanaosoma mikataba yao kwa sauti.

Ndiyo maana tumeitisha kusanyiko la wanaodaiwa, nalo ni kesho, Alhamisi, siku moja kabla ya Ijumaa ya Wilson. Ni katika ofisi ile ile ya ushauri, Makandana, ambako mabenchi yatatolewa barazani na wasaidizi wa kisheria watakuwepo. Mama Yona, ukija peke yako utapokewa. Atuganile akija peke yake, kwa hasira, kutaka kujua amefanyiwa nini, atapokewa naye, na wa kwanza. Mkija wawili, hata kama njiani hamkusemeshana, Godwin atakuwa na watu wa kuzungumza nao siku ya gulio. Tunaanza saa tisa alasiri, zamu ya asubuhi ikishatoka, mvua inyeshe isinyeshe.